Pikapu Ilizaliwa Uani

Ukisimama kando ya barabara hapa Kakuma 1 kwa nusu saa tu, utaona pikapu za kila aina. Kuna Land Cruiser nyeupe za mashirika, kuna ya polisi, kuna zile za wafanyabiashara zilizopakiwa magunia ya mkaa na mitungi ya maji mpaka springi zinalia. Wakongo tunaiita kamyoneti, Wakenya wanasema pikapu. Tumeizoea sana, hata hatujiulizi ilitoka wapi. Tukiulizwa tutajibu haraka: si imetoka kiwandani, Ulaya au Japani? Wenye akili waliibuni, sisi kazi yetu ni kuipanda na kuiharibu.

Mimi nimesoma kidogo habari zake, na naona mambo hayakwenda hivyo. Gari hili lilianzia uani kwa watu wa kawaida, kwa msumeno na misumari, na viwanda vilikuja nyuma yao. Nataka kuieleza historia hiyo polepole, kwa sababu mwisho wake unatugusa sisi hapa, hasa vijana wenye mikono michafu ya oili na mifuko isiyo na cheti.

Mkulima na msumeno

Mwaka 1908 kampuni ya Ford ya Marekani ilianza kuuza gari linaloitwa Model T. Lilikuwa gari la abiria, nguvu zake kama za farasi 20 tu, lakini lilikuwa rahisi kulielewa na kulitengeneza. Mpaka 1927 yalikuwa yametoka magari milioni 15. Wanunuzi wengi walikuwa wakulima. Sasa mkulima ana maziwa, ana mahindi, ana nguruwe. Kiti cha nyuma cha abiria kitamsaidia nini?

Basi wakakata. Walitoa sehemu ya nyuma ya gari wakafunga sanduku la mbao. Wengine waliinua gurudumu moja la nyuma likae juu, wakalivisha mkanda, injini ikazungusha msumeno wa kupasulia kuni. Hakuna mtu wa kiwandani aliyewatuma. Baadaye wakatokea wafanyabiashara wa kuuza vifaa vya kugeuza gari la abiria liwe la mzigo, kwa sababu waliona wateja wapo.

Kiwanda nacho kiliona. Mwaka 1917 Ford ilianza kuuza chesisi ya lori la tani moja, na mnunuzi akajitafutia bodi yake. Halafu tarehe 25 Aprili 1925 ikatoa Model T yenye sanduku la chuma nyuma, ikiwa nzima tayari, kwa dola 281. Mwaka huo ziliuzwa karibu 34,000. Wakati zinatoka, wakulima walikuwa wanaendesha zao za kukatakata tangu zamani.

Australia nako kuna hadithi inayofanana. Mwaka 1932 mke wa mkulima mmoja aliwaandikia Ford wa kule barua. Aliomba gari moja litakaloweza kuwapeleka kanisani Jumapili na kupeleka nguruwe sokoni Jumatatu. Kazi ya kulichora alipewa Lew Bandt, kijana wa miaka ishirini na kitu, na mwaka 1934 gari likatoka. Waaustralia wanaliita ute mpaka leo. Bandt alipozeeka alijikarabatia ute moja ya mwaka ule ule wa 1934, na mwaka 1987 alifariki kwa ajali akiwa analiendesha hilo hilo. Nikiwasimulia vijana wa kituo chetu hadithi hii wanasikitika kidogo, halafu wanaanza kubishana lilikuwa na breki za aina gani.

Huyo mama wa barua hakuwa injinia. Lakini alijua vizuri kuliko mainjinia gari linatakiwa kufanya nini, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na nguruwe.

Senti thelathini

Turudi kwetu. Nairobi ya ukoloni ilikuwa na kampuni moja ya mabasi iliyopewa kibali cha kubeba abiria peke yake tangu 1934. Basi halikufika kila mtaa, na watu waliokuwa wakihamia mjini walikuwa wengi. Wenye magari makuukuu wakaanza kuwabeba kwa siri. Nauli ilikuwa sarafu tatu za senti kumi, na kutoka kwenye hizo tatu ndipo lilipotoka jina matatu. Pikapu ilifaa sana kazi hii. Fundi anachomelea fremu ya chuma juu ya sanduku, anafunika turubai au bati, anaweka mabenchi mawili ya mbao, abiria wanakaa wakitazamana, mizigo katikati ya miguu. Ukipanda nyuma ya gari la kutoka Lodwar leo, unakaa vile vile.

Kisheria ilikuwa kosa. Polisi walikamata, mahakama zikatoza faini, na matatu zikaendelea. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akatamka kwamba zinaweza kubeba abiria bila ile leseni iliyokuwa inawashinda wengi. Mwaka 1984 ikaja sheria ya kuzisajili na kuzikagua. Kwa hiyo kile kitu kilichokuwa uhalifu kikawa usafiri wa nchi, na bodi yake ilichomelewa uani.

Moja ya magari yaliyofanya kazi hiyo ni Peugeot 404. Gari hili lilitoka Ufaransa mwaka 1960, na pikapu yake ikafuata 1967. Huku kwetu lilipata jina kwa mashindano ya Safari, ambayo lilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Ile Safari ya 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu, mengine yote matope yaliyameza. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, dereva kutoka Tanzania. Watu wakasema, kama linatoka salama huko, litashindwa na barabara ya kijijini kwetu?

Lakini mafundi walikuwa na sababu yao nyingine ya kulipenda, na hii lazima niieleze kwa sababu ndiyo inayofanya gari moja liishi na lingine life. Katika injini nyingi, silinda zikilika, bloku nzima inapelekwa mjini kwenye mashine ikachongwe. Kama huna mashine hiyo karibu, au huna pesa, gari linabaki kuwa banda la kuku. Injini ya petroli ya 404 ina silivu zinazochomolewa, yaani yale mabomba ambamo pistoni inapanda na kushuka hayakuungana na bloku. Zikilika unazitoa, unaingiza nyingine pamoja na pistoni zake, unarudisha hedi. Kazi hiyo inafanyika chini ya mti, ukiwa na spana, mikono safi na subira. Waliochora injini hii kule Ufaransa sidhani walikuwa wanamfikiria fundi wa chini ya mti, lakini yeye ndiye aliyelifaidi wazo lao muda mrefu zaidi.

Ndiyo maana lilidumu. Ufaransa iliacha kutengeneza pikapu ya 404 mwaka 1988, Kenya ikaendelea kuunganisha 404 mpaka 1991. Afrika Magharibi waliiita baché, yaani gari la turubai. Ndugu yake mdogo, pikapu ya 504, alianza kutoka 1979, anabeba zaidi ya tani moja, na injini yake ya petroli imefuata utaratibu ule ule wa silivu.

Mafundi wasio na kibao

Nani aliyaweka barabarani magari haya yote? Si wenye duka la kampuni peke yao. Spea zilikuwa ghali, na pesa za kigeni za kuagizia zikipungua nchini, hazikuonekana kabisa. Kazi ilifanywa na watu waliojifunza kwa kushika tochi. Kijana anaanza kwa kuosha nati na mafuta ya taa, mwaka unaofuata anafungua gurudumu, baada ya miaka mitatu au minne anaachiwa gia boksi. Dar es Salaam walizipa gereji hizo jina la gereji bubu, maana hazina kibao wala leseni inayozisemea. Kenya waliitwa jua kali, kwa sababu walikuwa wanapigwa na jua bila paa. Kwetu Kongo tuna utani wa kifungu cha 15, ambacho hakuna aliyekiona kwenye katiba lakini kila mtu anakijua: jitafutie.

Kwa miaka mingi wenye madaraka waliwaona hawa watu kama uchafu wa mji. Vibanda vilibomolewa, vifaa vikachukuliwa. Halafu mwaka 1972 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa ripoti kubwa juu ya ajira nchini Kenya. Ripoti ilisema watu hawa wa kazi ndogo ndogo zisizosajiliwa hawakai bure, wanazalisha, wanafundishana, wanatoa huduma kwa bei ambayo maskini anaiweza, na ikaishauri serikali iache kuwasumbua. Ilichukua miaka 20 mpaka serikali ikatoa waraka rasmi wa sera juu ya biashara ndogo na jua kali, mwaka 1992.

Mwaka huo huo wa 1992 kambi ya Kakuma ilifunguliwa.

Ukiipanga historia hii kwenye mstari, utaona hatua zake zinarudia. Kwanza watu wenye shida wanatengeneza kitu kwa mikono yao. Pili wanaambiwa ni makosa, au ni mchezo tu. Tatu kitu kinaonekana kinafanya kazi na hakiwezi kuzuiliwa. Nne kinaandikwa kwenye karatasi na kupewa jina. Wakulima wa Marekani walipita haraka kutoka ya kwanza hadi ya nne, kwa sababu walikuwa wateja wenye dola. Watu wa matatu na jua kali walikaa hatua ya pili muda mrefu. Sisi je, tuko hatua gani?

504 nyuma ya duka

Nitatoa mfano mmoja ninaoujua kwa karibu. Mfanyabiashara mmoja wa hapa alikuwa na pikapu ya Peugeot 504 iliyokaa nyuma ya duka lake miaka mingi. Matairi yalikuwa yamezama kwenye mchanga, panya walikula nyaya, sakafu ya nyuma kutu ilikuwa imeitoboa mpaka unaona ardhi. Vijana watano wa kituo chetu, wavulana watatu na wasichana wawili, waliomba wajaribu kulifufua. Hakuna aliyekuwa fundi wa kuajiriwa. Aliyewaongoza ni mzee mmoja kutoka Bukavu ambaye alijifunza kazi kwenye 404 akiwa kijana. Sisi tunamwita Papa tu.

Vijana walitaka kuwasha injini siku hiyo hiyo ya kwanza. Papa akakataa. "Gari yenye haisimame, mbona munataka itembee? Kwanza breki." Wiki mbili nzima ilikuwa breki: kufungua silinda za magurudumu, kusugua kutu kwa msasa, kusubiri raba mpya zitoke Kitale. Zilitumwa kwa dereva wa basi, kwa sababu sisi kutoka kambini lazima tuombe kibali cha kusafiri, na kibali kina siku zake.

Injini waliifuata baadaye. Walitoa plagi, wakamimina oili iliyochanganywa na dizeli kwenye kila tundu, wakaacha silku mbili usiku na mchana, ndipo wakaizungusha taratibu kwa spana. Tangi la mafuta lilishushwa, likatiwa kokoto na maji ya sabuni, wakalitikisa kwa zamu mpaka maji yaliyokuwa mekundu kama chai ya rangi yakatoka meupe. Kabureta ilifunguliwa juu ya kitambaa cheupe ili kijisehemu kisipotee. Platini zilisuguliwa. Injini iliwaka, lakini ikatoa moshi wa bluu mwingi, na Papa akasema pistoni na silivu zimekwisha. Seti ya mtumba ilinunuliwa Nairobi. Silivu za zamani zilitoka, za pili zikaingia, chini ya mwarobaini, juu ya turubai kuukuu. Hakuna mashine ya kuchonga iliyotafutwa.

Sakafu ya nyuma ilikatwa yote ikawekwa bati la pipa. Madigadi, kwa sababu hayabebi uzito, yalizibwa kwa madebe ya mafuta ya kupikia ya msaada yaliyopigwa nyundo yakanyooka, kama tunavyofanya kwenye milango ya nyumba zetu. Mpaka siku ya kupiga rangi, yale maandishi ya msaada yalikuwa yanasomeka juu ya gurudumu.

Kazi yote ilichukua miezi minne. Gari linatembea. Linabeba maji na saruji.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Yule mfanyabiashara alitaka kuwaajiri wawili kati ya wale vijana watunze magari yake, kwa sababu alikuwa anaomba kazi ya kusambaza bidhaa kwa ofisi fulani. Ofisi ikauliza mafundi wake ni nani. Akasema. Ikauliza: nani aliwafundisha, na vyeti viko wapi? Hapo mazungumzo yakaisha. Akaletwa fundi mwenye cheti kutoka mjini. Yeye simlaumu, naye ana watoto. Na ofisi kutaka uhakika juu ya breki za gari linalobeba watu si jambo baya. Mimi mwenyewe nisingependa kupanda gari la mtu aliyejisemea tu.

Lakini lile swali, nani aliwafundisha, lina jibu. Waliwafundisha mzee wa Bukavu na gari lenyewe, kwa njia ile ile iliyotoa mafundi walioziweka matatu barabarani. Shida ni kwamba jibu hilo halijaandikwa popote.

Karatasi ina kazi yake

Wengine kambini wanasema cheti ni karatasi tu, cha muhimu ni mkono. Sikubaliani. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021 inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kufanya kazi na kuendesha biashara, na kufanya taaluma au ufundi kama ana sifa zinazokubaliwa na mamlaka za Kenya. Soma tena hayo maneno ya mwisho. Mlango umefunguliwa, na ufunguo wake ni sifa inayokubaliwa.

Kwa mafundi upo mtihani wa serikali unaosimamiwa na NITA, wenye madaraja matatu. Unaanza daraja la III, unapanda II, mpaka I. Mtu aliyejifunza gereji, asiyepita chuo, anaweza kuufanya, kwa sababu unapima unachoweza kufanya. Kinachowashinda vijana wetu ni ada, nauli, kibali cha kufika kwenye kituo cha mtihani, na kushindwa kueleza kwa utaratibu kazi walizofanya.

Wasomaji wetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, hapa naongea nanyi moja kwa moja, kwa heshima. Mafunzo ya wiki tatu yenye injini mpya juu ya meza tumeyapata na tunashukuru. Lakini vijana kumi wakilipiwa ada ya mtihani na wakasaidiwa kibali mapema, mtaona mafundi ambao tayari wapo. Hamtawatengeneza ninyi, mtawatambua tu.

Na sisi wenyewe tuna sehemu yetu. Historia ya pikapu inatufundisha kwamba walioandika ndio waliokumbukwa. Tunaijua tarehe ambayo Ford ilitoa gari lake. Jina la mkulima wa kwanza aliyekata kiti cha nyuma hatulijui. Yule mama wa Australia tunamjua kwa barua yake, hata kama jina lake halitajwi. Mafundi wengi waliochomelea fremu za matatu za kwanza walikufa bila mtu kuwauliza kitu. Papa ana zaidi ya miaka sabini, na anayoyajua yote yako kichwani mwake.

Kwa hiyo tumeanzisha daftari. Kila gari linalotengenezwa na vijana wa kituo linaandikwa: tarehe, aina ya gari, lilikuwa na shida gani, nini kilifunguliwa, nini kilibadilishwa, nani alifanya, nani alisimamia, na mwenye gari anaweka sahihi. Kurasa za mwanzo ni za ile 504, kumi na moja zote. Kijana akienda kwenye mtihani au kuomba kazi, anabeba nakala ya kazi zake. Na Papa anakuja kila Alhamisi saa kumi jioni, tunamuuliza maswali, msichana mmoja anaandika, kwa Kiswahili, na maneno ya Kifaransa yakitokea tunayaacha kama alivyoyasema.

Kama wewe ni fundi wa gari, pikipiki, jenereta au hata cherehani, umetoka Bujumbura, Juba, Uvira au Mogadishu, daftari ni lako pia. Kama baba yako au mama yako aliwahi kufufua gari nyumbani, tuletee habari hiyo hata kama unakumbuka nusu tu. Daftari liko kwenye kabati la kituo cha vijana, rafu ya juu, kalamu imefungwa kwa uzi.